Hata Mimi Ningeupika

Naomi mwanangu,

Umetoka mchana kwenda Shelui kukata tiketi, na mabegi yako umeyaacha hapa mlangoni. Kila nikitaka kutoka nje nayaruka, na kila nikiyaruka moyo unashtuka kama nimekanyaga kitu gizani. Mwisho nimeona nivute kigoda, nikae, niandike. Baba yako yuko shambani anapalilia alizeti. Wingu limejikusanya upande wa milimani na sijui kama mvua itakukuta njiani.

Unajua mimi si mtu wa kuandika. Ukiona mistari imepinda, nivumilie. Sitakuandikia habari za sweta wala za kufunga begi vizuri ndani ya basi, maana hayo umeyajua tangu uanze kwenda shule za bweni. Nataka kukuandikia mambo ambayo mdomo wangu haujaweza kuyatoa tangu juzi, ingawa tumekaa jiko moja na tumelala chini ya bati moja.

Naogopa, Naomi. Nianzie hapo.

Juzi ulipokuwa unamenya vitunguu ulisema kwa kucheka kwamba nyinyi mliosomea uyoga huwa mnaonja. Nikakuuliza mnaonja vipi, ukasema, "Kipande kidogo tu, Mama, ncha ya ulimi. Kuna jamii unazijua kwa ukali au uchungu wake. Kisha tunatema."

"Na ukimeza?"

"Haimezwi, Mama."

"Na ikiwa ndio ile mibaya kabisa?"

"Ile tunaijua kwa macho. Ile haionjwi."

Ukaendelea na vitunguu vyako. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta kuni. Neno hilo, "tunaijua kwa macho," nimelisema mimi mwenyewe miaka na miaka, nikalisema kwa kiburi, na wewe ndiye uliyenionyesha kwamba halikuwa kweli.

Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa. Kipande chako unakikumbuka, lakini ulikuwa mdogo, na mengine hukuyaona.

Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri kuliko mwaka wowote tangu niolewe. Majani yalipanda mpaka magotini kwenye zizi la zamani, pale baba yako alipokuwa akifunga ng'ombe kabla ya kulihamishia zizi upande wa pili. Nikaletewa taarifa kwamba mjomba wangu amefariki Manyoni. Nikafunga nguo zangu kwenda msibani. Wewe ulitaka twende wote, ukalia, ukashika kitenge changu, nikakutoa mikono kwa nguvu. Mdogo wako Yona hakulia. Alikuwa bado mdogo mno kujua kwamba mtu akipanda gari anaweza kukawia. Alinipungia mkono akiwa begani kwa baba yako, akacheka.

Baba yako hakuwa mpishi, lakini alijitahidi. Siku ya tatu au ya nne ya msiba, mboga zikiwa zimekwisha, alipita kwenye lile zizi la zamani akaona uyoga umeota, mweupe, mzuri, kofia zimejikunja bado kama mayai. Yeye ni mtu wa huku Iramba, kwao uyoga waliula wakiletewa. Mimi ndiye niliyekulia msituni Manyoni, mimi ndiye niliyekuwa nachuma kila masika na kuwapikia kwa karanga, na yeye alikuwa ameula kwa mkono wangu akaupenda. Akaona awafurahishe watoto waliobaki bila mama. Akachuma, akaosha, akatwanga karanga. Ndivyo alivyofanya. Hakuna zaidi ya hapo.

Wewe ulikuwa umeninunia bado. Ulikataa kula, ukalamba mchuzi kidogo ukaondoka kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Kununa kwako kulikuokoa. Nimemshukuru Mungu mara nyingi kwa sababu ya ile hasira yako, na mara nyingi nimetamani Yona naye angekuwa na hasira na mimi.

Jua lilikuwa bado liko juu walipoanza kutapika, Yona kwanza, halafu baba yako, halafu wewe. Baba yako alitapika mpaka akaona nyota mchana, lakini alimwita jirani mwenye pikipiki. Unalikumbuka lile korongo la kwenda barabarani? Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Huku kwetu kulikuwa kukavu kabisa, jua linawaka, na korongo limejaa maji mekundu yanabeba magogo. Pikipiki haikuweza. Wakasimama ukingoni. Baba yako alikuwa amemfunga Yona mgongoni kwa kitenge changu, wewe umebebwa na jirani. Wakangoja maji yapungue. Kila walipoona yamepungua, yalipanda tena. Walipovuka hatimaye, maji yakiwa kifuani, Yona alikuwa amenyamaza. Baba yako alidhani amelala. Walipofika barabarani ndipo jirani alipomfungua.

Wewe ulitundikiwa dripu hospitalini. Mwili wako ulikuwa na maji ya kukutosha kufika. Wa Yona haukuwa nayo.

Mimi nilipigiwa simu kule Manyoni nikiwa nimeshika sahani za msibani. Waliniambia watoto wanaumwa, nirudi. Hawakuniambia zaidi. Nilipofika hapa nyumbani niliona turubai limefungwa uani na watu wamekaa chini yake, na wote wakaangalia chini kwa pamoja. Baba yako akainuka kunipokea. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka. Na mimi, mbele ya watu wote wale, kabla ya kumwuliza wewe uko wapi, kabla ya kulia, nikasema:

"Ningekuwepo mimi, lisingetokea."

Baba yako akasema, "Kweli."

Ni hilo tu. Akakaa tena chini.

Sentensi ile niliisema siku ya msiba kwa uchungu, na mtu anaweza kusamehewa neno la msibani. Lakini mimi sikuiacha pale. Nimeisema tena na tena. Nilipokuwa nachagua mboga sokoni nilisema, "Afadhali mtu uchague mwenyewe." Ng'ombe alipokula majani mabaya akavimba, nikasema, "Kuna watu hawajui kinachoota kwao." Sikuwahi kumpigia kelele. Hata majirani walisema Mama Naomi ni mwanamke mvumilivu, amemsamehe mumewe. Lakini yeye alikuwa anasikia. Unakumbuka baba yako alivyoacha kukata hata nyanya bila kuniuliza? Wewe ulidhani ndivyo alivyozaliwa. Hakuzaliwa hivyo. Nilipoolewa naye alikuwa mtu wa kuimba akichunga.

Na ilikuwa inanisaidia, Naomi. Hilo ndilo nimelifahamu juzijuzi tu. Nilipokuwa na hasira, sikuwa na hofu. Nilijua kilichotokea na kwa nini: mtu asiyejua alipika asichokijua. Mimi najua. Basi nikiwepo mimi, mtoto wangu aliyebaki yuko salama. Nililala usingizi kwa sababu ya hesabu hiyo.

Uyoga ukapigwa marufuku nyumbani kwangu. Mimi mwenyewe sikuugusa tena, wala sikukufundisha. Kila masika ulipoota uani niliung'oa kwa jembe na kuufukia. Bibi zako wa Manyoni walinifundisha mengi: ule wa kichuguu wenye mzizi mrefu unaoshuka chini, ule wa chini ya miti unaonukia, ule wa malishoni wenye pete shingoni, na ile isiyoguswa. Yote nikayafungia tumboni. Nilidhani nakulinda. Ukakua hujui kitu, na mtoto asiyeambiwa kitu atakitafuta.

Nakumbuka likizo ile uliyokuja ukiwa kidato cha pili. Nilikuwa nafagia chumbani kwako, nikainua godoro, nikakuta karatasi nyeupe nyingi zimelazwa vizuri, kila moja ina duara la vumbi lenye mistari myembamba kama miale ya jua. Nyingine la rangi ya waridi, nyingine la kahawia, nyingine jeupe ambalo ukiligeuza kwenye mwanga ndipo unaliona. Na chini ya kitanda, kwenye boksi la viatu, uyoga umekauka. Sikujua yale maduara ni nini. Nilijua uyoga ni nini. Nikazichukua zote nikazitia kwenye mafiga, na boksi lake.

Ulipoingia jikoni ukaona moto ukatulia. Nilingoja ulie ili nami nipate kukufokea. Hukulia. Ulisema, "Mama, nilikuwa nautafuta ule wa Yona."

Nikakuuliza wautafutia nini.

"Nijue jina lake."

Nilikuambia utoke jikoni. Hilo ni moja ya mambo ninayotamani ningeyarudisha. Ulikuwa unatafuta jina la kilichomuua ndugu yako, na katika nyumba hii hakukuwa na mtu wa kukushika mkono, kwa sababu baba yako alikuwa amekatazwa kujua na mimi nilikuwa najua kila kitu.

Ulipopata nafasi ya chuo, ukasema unakwenda kusoma mambo ya kuvu na uyoga, nilidhani unakwenda kutushitaki. Nilimwambia baba yako akukataze. Akasema, "Mwache." Nikamwuliza kama amesahau. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amesahau jina lake, akatoka nje. Ilikuwa mara ya kwanza kunikatalia jambo tangu ule msiba.

Sasa nije kwenye masika haya. Uliporudi safari hii, ukiwa umeshapata kazi ya kwenda kukusanya na kuainisha uyoga kule misitu ya kusini, nilijiambia sitagombana nawe tena. Ndiyo maana siku ile uliyorudi na kapu la uyoga nilikuambia lilete hapa. Ulishangaa, niliona. Nikatandika mkeka uani. Nikaketi. Nilipoanza kuushika, vidole vikakumbuka vyenyewe. Nikausukuma huku na huku: huu unaliwa, huu hauliwi, huu unaliwa ukichemshwa ukamwagwa maji. Ulikuwa unanisikiliza kwa namna ambayo hujawahi kunisikiliza, na nikaona raha, nikasahau.

Chini kabisa kapuni kulikuwa na uyoga mchanga kidogo, mzuri, mweupe. Nikaushika mmoja. Kofia imejikunja, ina magamba kidogo ya kahawia juu. Nikaugeuza. Vile vijani vyembamba vya chini, vilivyopangana kama kurasa za kitabu, vilikuwa vyeupe safi. Mguu una pete. Nikaunusa. Harufu nzuri tu, ya uyoga.

Nikasema, "Huu ndio wa malishoni. Huu kwetu tuliula sana. Mama yangu aliupenda kuliko wote."

Ukainama ukautazama mkononi mwangu.

"Una hakika, Mama?" ukauliza.

"Nimekula huu tangu sijaota meno."

Hukubisha. Ulichukua mmoja, ukakata mguu, ukailaza kofia juu ya karatasi nyeupe, vijani vikitazama chini, ukafunika na bakuli langu la bluu. Nikakuuliza unafanya nini, ukasema tungoje mpaka asubuhi, ukipenda. Nikacheka. Niliona ni mambo ya shule.

Asubuhi uliniita. Ulifunua bakuli ukainua kofia taratibu. Karatasi ilikuwa na duara lenye mistari, na duara lilikuwa la kijani. Kijani cha majani makavu, kilichofifia, lakini kijani. Na ile mingine uliyoiacha kwenye kapu, iliyofunguka usiku, vijani vyake vilikuwa vimeanza kuchafuka na rangi ile ile.

"Ndio wenyewe, Mama," ukasema. "Nimeutoa kwenye zizi la zamani."

Nilikaa kwenye kigoda hiki hiki. Wewe ukaanza kunieleza kwa haraka. Ulisema jina lake la kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites. Ulisema ukiwa mchanga ni mweupe na humdanganya karibu kila mtu, rangi inakuja ukishakomaa. Ulisema hata wataalamu wenyewe uliwasumbua: kwanza waliuweka pamoja na ule wa kawaida wa malishoni wenye vumbi la kahawia, baadaye wakaona umbo lake ni la ile mirefu yenye pete na magamba, wakauhamishia huko. Kisha wakaona vumbi lake la kijani, wakasema hauna ndugu, wakaupa ukoo wake peke yake. Na miaka ya karibuni, walipochunguza vinasaba, wakakuta baadhi ya ile myeupe inayoliwa ni ndugu zake wa damu. Wakaihamishia kwake.

"Yaani unaoua na unaoliwa ni nyumba moja?" nikauliza.

"Nyumba moja, Mama. Jina moja la ukoo."

"Na mama yangu alikuwa anakula upi?"

"Labda mmoja wa wale ndugu. Huko msituni labda huu hauoti sana. Huu unapenda malisho na samadi, mahali palipofunguliwa na watu. Kule kwenu ulikuwa sahihi, Mama. Ila hapa si kwenu."

Ulisema pia kwamba mtu mzima mara nyingi hutapika, akaumwa, akapona. Mtoto mdogo ndiye anayeishiwa maji. Ulilisema taratibu, kama muuguzi. Halafu ulinishika bega, ukaenda kuchota maji, ukaniacha.

Kilichofuata hukukiona. Nilijifunga kanga nikaenda shambani. Baba yako alikuwa ameinama kwenye mstari wa alizeti, mgongo kwangu.

"Baba Naomi."

"Naam."

"Ule uyoga."

Akanyooka, lakini hakugeuka. Neno lile lilikuwa halijatamkwa kati yetu kwa sauti ya kawaida tangu siku ile.

"Naomi ameuleta," nikasema. "Mchanga, kama ulivyouona wewe. Nimeushika kwa mikono yangu, nimeugeuza, nimeunusa. Nikasema unaliwa. Asubuhi hii umetia karatasi rangi ya kijani."

Bado hakugeuka.

"Hata mimi ningeupika," nikasema. "Ningekuwepo, ningeupika mimi. Na ningewalisha nikijisifu."

Nilidhani atalia, au atanitukana, na alikuwa na haki ya yote mawili. Alikaa chini palepale kati ya mistari, jembe mapajani. Kisha akasema, "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Afadhali ungeniacha nilivyokuwa."

Nikamwuliza kwa nini.

"Kwa sababu nilikuwa nakuachia mtoto kwa amani. Nilikuwa najua mimi sijui, lakini wewe unajua. Kumbe hakuna aliyekuwa anajua."

Naomi, sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikwenda kumpa kitu, nikadhani ni zawadi, kumbe nilikuwa namvua kitu alichojifunika nacho miaka yote. Na nilipokuwa nimesimama pale nikahisi na mimi nimevuliwa. Ile hesabu yangu iliyokuwa inanilaza usingizi ilikuwa imekwisha. Nikachukua jembe la pili lililokuwa mwisho wa mstari, nikaanza kupalilia mstari wa kando yake. Baadaye kidogo naye akainuka. Tukapalilia mpaka jua likawa kali. Tulipokuwa tunarudi akanishika mkono kwenye ile sehemu yenye utelezi, kisha hakuuachia tulipofika pakavu. Tulipokaribia nyumba ndipo akaachia, kwa kuona aibu mbele yako.

Basi ndiyo hofu yangu hiyo. Zamani ningekuambia, "Nenda, wewe umesoma, unajua." Sasa siwezi. Mimi nilijua, na bado ningekuzika. Waliosoma kabla yako walijua, wakauweka huku, wakautoa, wakauweka kule. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri. Unakwenda kwenye misitu ambayo sijawahi kuiona, kati ya miti isiyo ya kwetu, na utakutana na uyoga mweupe safi wenye pete, na utachoka, na itakuwa jioni, na wenzako watakuwa wanakungoja useme ni nini. Nakuona kila nikifumba macho. Nakuona unafungua mdomo kusema, "Huu naujua."

Mimi na baba yako tuliharibu mambo mengi kwa sababu ya kutoweza kusema neno dogo. Yeye aliona haya kwenda kwa jirani na uyoga mkononi kama mwanamke akauliza, "Huu je?" Mimi niliona haya kusema sijui kwa sababu sifa yangu yote katika ukoo huu ilikuwa kujua. Wewe una tabia yangu, nimekuona. Ukiulizwa kitu usichokijua, unainua kidevu. Ulifanya hivyo hata juzi baba yako alipokuuliza basi linapitia wapi.

Sisemi uache kazi. Jana nilikaribia kusema. Ulipokuwa unakunja nguo nilisimama mlangoni na maneno yakiwa mdomoni: baki, tafuta kazi Singida mjini, fundisha watoto, olewa, chochote. Ukaniuliza, "Unataka kitu, Mama?" Nikasema nataka sufuria. Hukuwa na sufuria chumbani, na wote wawili tulijua, na ukacheka. Nikaona ukicheka unafanana na Yona. Nikaondoka.

Nimesimamisha kalamu hapa kwa sababu baba yako amerudi. Ameingia na tope miguuni, amenikuta naandika.

"Unamwandikia nani?"

"Naomi."

"Si atalala hapa leo?"

"Atalala. Lakini siwezi kumwambia."

Akavuta ndoo akaigeuza, akaikalia, hapa hapa karibu na mafiga. Akauliza, "Umemwandikia habari za siku ile?"

Nikasema ndiyo. Nilivyozijua mimi.

Akafuta jasho. Halafu akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia, kwa sababu sijawahi kumwuliza. Miaka yote hii sijawahi kumwuliza mume wangu mtoto wetu alikula vipi.

"Yona aliupenda," akasema. "Alikula mpaka akalamba sahani. Akanishika goti akasema, 'Baba, ongeza.' Nikamwongeza wa kwangu. Alikuwa anaimba wakati anakula."

Nikaweka karatasi chini.

"Alikuwa anaimba nini?" nikamwuliza.

"Hakuwa na maneno. Alikuwa anaimba tu." Kisha akasema, "Mwandikie Naomi. Sehemu aliyoiona yeye ni ile ya korongoni. Hakuona hii, alikuwa amenuna nyuma ya nyumba. Asiende akidhani ndugu yake alikuwa analia tu."

"Niandikeje?"

"Andika hivyo hivyo."

Nimeandika hivyo hivyo, mwanangu. Baba yako amekwenda kunawa miguu. Namsikia kule nyuma, na kuna sauti anatoa, sijui kama ni kuguna au ni wimbo, sitaki kwenda kuchungulia isije ikakoma.

Wingu limekaribia. Pikipiki inapanda kilima, labda ni wewe. Mungu akutangulie katika kila njia usiyoijua, na katika ile unayodhani unaijua akutangulie zaidi. Mimi naogopa, na kesho basi likiondoka nitaogopa kuliko leo, wala sitapona hofu hiyo. Wewe usiningoje nipone. Nenda.

Mama yako